Mama Mwanabibi, Aliyeturushia Tiara Ufukweni Lipingo

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya tarehe kumi na nne Machi, 1976. Baba alitoka wodini ameshika viatu vyako mkononi, nasi tukaelewa kabla hajasema neno.

Uliugua siku tisa tu. Mvua ilikukuta njiani ukitoka Namswea kwenye darasa la kisomo. Akina mama wa kule walikusihi ulale, ukakataa kwa sababu mdogo wetu wa mwisho alikuwa na kikohozi nyumbani. Kikohozi chake kiliisha siku ya pili. Wewe kifua kilikushika, na hakikukuachia.

Familia imenipa mimi, Ottilia, kalamu hii. Baba anasema ni kwa kuwa nasomea ualimu na mwandiko wangu unasomeka. Urban anasema ni kwa kuwa mimi ndiye niliyekusumbua kuliko wote. Urban hajakosea.

Wanaosoma hapa na hawakukufahamu wajue kwamba ulizaliwa Pangani, ukasomea kazi ya Bibi Maendeleo, ya kuwaelimisha akina mama vijijini, na mwaka 1966 ukapangiwa Mbinga. Wenzako waliopangiwa huku waliomba uhamisho. Wewe uliomba koti, maana baridi ya Umatengo ilikutoa machozi. Koti lenyewe lilikuwa la kijivu, la kiume, na ulilivaa miaka kumi.

Ulitembea na mwavuli na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chaki, kitambaa cha kufutia ubao, na pilipili kichaa ulizozifunga kwenye karatasi, kwa sababu hukuamini kwamba chakula cha watu wengine kingekuwa na ladha. Kwa kuwa uliwafundisha akina mama kusoma na kuandika, Mbinga nzima ilikuita Mwalimu. Uliishi katika nchi ya kahawa na hukunywa kahawa hata siku moja. Maharage uliyaunga kwa karanga, na kila mara ulisikitika kwamba karanga si nazi. Kimatengo chako kilikuwa kibaya sana, Mama, nawe ulikisema kwa sauti kubwa sokoni bila haya, watu wakacheka na kukupunguzia bei.

Jumapili ulitufikisha hadi mlango wa kanisa tukiwa tumepigwa pasi, kisha ukakaa nje ukisuka ukili mpaka misa iishe. Mwezi wa Ramadhani tulifunga pamoja nawe mpaka saa sita mchana, zaidi ya hapo hatukuweza, na hukutulaumu.

Lakini si hivyo tulivyoanza.

Baba yetu, Pankras Ndunguru, alikuwa bwana shamba wa kahawa. Mama yetu mzazi, Lukresia, alifariki mwaka 1965. Mimi nilikuwa na miaka minane, Urban mitano, na Crispin alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Miaka miwili baadaye Baba akakuoa bomani Songea, kila mmoja akabaki na dini yake. Ulipoingia nyumbani ulituambia tukuite vile tutakavyoweza. Crispin alikuita Mama wiki ile ile, kwa sababu hakuwa na mwingine kichwani mwake. Urban alikuita Mama Mdogo. Mimi nilikuita Mwalimu. Nilikuamkia kila asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu," ndani ya nyumba yetu wenyewe, kama ninayeingia darasani. Ulijibu marahaba na kuniuliza nimelalaje. Mwaka mzima hukuniomba nikuite vingine.

Mwezi wa sita mwaka 1968, shule zilipofungwa, Baba akapata likizo ya siku kumi. Alisema watoto hawajaliona ziwa wakiwa na akili zao, twende kwa bibi yao Lipingo tukapumzike. Ulifurahi, Mama. Ulikuwa hujaona maji makubwa tangu utoke Pangani. Uliosha koti, ukalikunja na kuliacha kitandani, ukasema kule hutalihitaji.

Kulikuwa na jambo ambalo wewe hukulijua na mimi nililijua. Nilipokuwa nalianika koti la Baba niliona barua mfukoni, mwandiko wa Mjomba Frederick, maneno ya Bibi Valeria, mama yake mama yetu. Bibi alisema, "Walete watoto wote niwaone, na Crispin abaki. Mtoto wa binti yangu halelewi na mgeni wa pwani wakati mimi niko hai." Ndivyo ilivyoandikwa. Niliirudisha mfukoni nikanyamaza. Moyoni niliomba na mimi nibaki.

Tulishuka na lori lililokuwa likipeleka magunia Mbamba Bay. Kwenye zile kona za mlimani ulitapika mara nne, umeshika ubao wa lori kwa mkono mmoja na Crispin kwa mkono mwingine. Nilikutazama nikafurahi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nafikiri uliniona nikifurahi.

Tukalala Mbamba Bay, na kesho yake Mjomba Frederick akatuchukua kwa mtumbwi hadi Lipingo. Bibi Valeria alitungoja mchangani, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, miaka mitatu baada ya msiba. Alitukumbatia mmoja mmoja, akalia kidogo kwa kila mmoja. Wewe ulipiga goti kwenye maji ukamwamkia. Alijibu marahaba akiwa amekwisha kugeuka.

Ulipewa chumba kizuri na mkeka mpya. Chakula ulipewa peke yako, kwenye sahani ya maua. Bibi alimwambia Mjomba, kwa Kiswahili ili usikie, kwamba yeye hajui watu wa pwani wanakula nini. Ulikula ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwani, wote ulioletewa, kisha ukaomba uongezewe. Hilo lilimshangaza.

Siku ya tatu upepo wa mwera ulianza kuvuma. Ziwa likapandisha mawimbi, mitumbwi ikavutwa juu, wavuvi wakakaa wakishona nyavu. Watoto hatukuruhusiwa kusogelea maji. Urban alinung'unika, Crispin akalia. Nawe ukasimama mchangani umeinua uso, unaupima ule upepo kwa shavu, ukasema, "Upepo mzuri hivi, na hakuna hata tiara moja."

Hatukujua tiara ni kitu gani, hatukuwa tumewahi kuona karatasi ikirushwa angani kwa uzi. Ulituuliza mara mbili kama kweli hatujui, ukafikiri tunakutania. Kisha ukaanza kazi. Nyuma ya shule iliyokuwa ikijengwa kwa kujitolea ulipata mifuko ya saruji, ukachukua karatasi ya ndani iliyo safi. Ulichonga mianzi mpaka ikawa myembamba kama njiti za chelewa. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo. Mjomba Frederick akakupa uzi wa kushonea nyavu. Mkia uliuchana kutoka kanga yako nyekundu, na Bibi aliyekuwa akikutazama kutoka uani akauliza ni mwanamke gani anayechana kanga nzima kwa ajili ya mchezo.

Ulitueleza huku ukifanya kazi kwamba Pangani tiara ni mchezo wa wavulana. Kaka zako walikufukuza, basi ukatengeneza yako, na siku ya kwanza ilipanda juu kuliko zao. Sikutaka kusikiliza lakini nilisikia yote.

Kisha ukakimbia. Mama, hatujasahau. Mwalimu wa Mbinga, mwenye mwavuli na kikapu, amejifunga kanga kiunoni anakimbia mchangani bila viatu, na wazee wa Lipingo wameacha nyavu zao wanatazama. Mara ya kwanza ile tiara ilichovya kichwa ikaanguka. Ukarekebisha nyuzi za kifuani. Mara ya pili ikapanda mpaka juu ya miembe, ikapita, ikatulia kule juu ikitikisa mkia wake mwekundu. Watoto wa Lipingo walikuja mbio kutoka kila nyumba. Wavuvi wazima waliomba kuushika uzi. Mjomba alishika akakataa kuuachia mpaka Urban alipomvuta shati.

Ulimpa Crispin uzi, umemzungushia mikono yako. Akapiga kelele, "Mama, inanivuta! Mama!"

Bibi Valeria alikuwa anapita na ungo wa usipa. Alisimama, akamtazama Crispin, kisha akaurudisha ungo ndani bila kuuanika. Nilimwona uso wake. Nami nikajisikia vilevile alivyojisikia, kwamba yule aliyezikwa anaondolewa mara ya pili.

Alasiri uliufunga uzi kwenye nguzo ya kichanja cha samaki ukaenda kuswali. Watoto walikuwa wamekwenda kula. Kisu cha kupasulia samaki kilikuwa pale pale juu ya kichanja. Nilikata. Ilikuwa kazi ya mara moja. Tiara ilikwenda ikiyumba juu ya ziwa, ndogo, ndogo zaidi, ikatua mbali mno kwenye mawimbi.

Baba, ndiyo kwanza unajua. Crispin nilimwambia juzi, akanikasirikia kama vile imetokea juzi hiyo hiyo.

Jioni ile jua lilikuwa bado halijazama, tulikaa uani tukila. Crispin hakutaka kula, anaililia tiara yake. Watu waliuliza imekuwaje. Ulikuwa umekwenda kwenye nguzo, umeshika ncha ya uzi mkononi, umeitazama. Ulirudi ukasema, "Fundo langu lilikuwa baya."

Bibi hakuiacha nafasi hiyo. Alisema mbele yetu wote, na mbele ya majirani wawili waliokuja kusalimia, kwamba mtu asiyeweza kufunga fundo anataka kulea wajukuu zake. Akasema Crispin atabaki Lipingo, na kwamba Baba alikwisha kuandikiwa hivyo.

Ulimgeukia Baba. Ulimuuliza neno moja tu, "Ulijua?"

Baba alikuwa anatazama bakuli. Akasema alijua. Akasema alikuwa anatafuta siku ya kukuambia. Ulikusanya vyombo ukaenda kuviosha ziwani, na nilikuona umechutama pale muda mrefu, vyombo vimekwisha kuwa safi.

Asubuhi yake ulikuja ukanigusa bega. Nilikufuata mpaka ufukweni. Ulikuwa umeleta mianzi, karatasi iliyobaki, na chungu cha uji. Kabla ya yote ukatoa ule uzi.

"Uzi ukikatika wenyewe huacha nyuzinyuzi," ukasema. "Huu umekatwa na kisu."

Nilingoja kofi. Ulinipa mwanzi nikushikie, ukaanza kuchonga.

"Mama yangu alikufa nina miaka tisa," ukaniambia. "Baba yangu akaoa. Yule mama nilimtilia mchanga kwenye unga."

Nikauliza alikufanya nini.

"Alitwanga mwingine."

Ulimaliza mwanzi wa kwanza ukachukua wa pili. Nikakuuliza kama una hasira. Ulisema unayo, tena nyingi, lakini si juu yangu. Ulisema umewakasirikia watu wazima, nawe mwenyewe umo, kwa kuwa uliingia katika nyumba yenye msiba na hukuuliza msiba wenyewe ulikuwaje.

"Sasa tazama mkono wangu," ukasema. "Kama Crispin atabaki huku, na wewe ukibaki naye, lazima awepo mtu wa kumtengenezea. Kifuani nyuzi mbili, ya juu iwe fupi."

Hapo ndipo nilipolia, Mama. Sikulia ulipoonyesha uzi uliokatwa. Nililia ulipotaka nijue kutengeneza.

Nilikimbia mpaka kwa Bibi. Alikuwa anaanika usipa. Nilimwambia ni mimi niliyekata uzi, kwa kisu kile pale, na kwamba Mwalimu alilijua jambo hilo tangu jana.

Bibi aliacha kuanika. "Alijua, nami nikamtukana mbele ya watu?"

"Alijua."

"Na hakusema kitu."

Hilo halikuwa swali. Alinawa mikono, akaikausha kwenye nguo yake, akateremka ufukweni. Nilimfuata nyuma. Ulipomwona ulisimama, gundi mikononi, ukamwamkia. Safari hii alikujibu akikutazama. Kisha akaketi mchangani, jambo ambalo hakulifanya mbele ya wageni, nawe ukaketi.

Bibi hakupenda kusema Kiswahili kirefu, lakini siku ile alikisema. Alikuambia maneno ya jana ameyarudisha. Alikuambia alimtaka mtoto si kwa kuwa unamtesa, ameona kwa macho yake humtesi.

"Anakuita mama," alisema. "Lukresia nimemzaa mimi, na mwanawe hamjui."

Nilidhani utajitetea.

"Hata mimi simjui," ukasema. "Nyumbani kwetu hakuna anayemtaja. Baba yao akimtaja hutoka nje. Niambie wewe, Mama, alikuwaje. Niambie vizuri, nami nitamwambia Crispin."

Bibi akakuambia. Alianza kidogo kidogo, kisha hakuweza kunyamaza. Alisema binti yake aliogelea kuliko kaka zake wote. Alisema hakuweza kula samaki mwenye kichwa, ilibidi kikatwe kwanza. Alisema aliimba kanisani kwa sauti nzito kama ya mwanamume, padri akamweka safu ya nyuma. Alisema alipochumbiwa na Baba alikataa mara mbili, kwa sababu aliogopa milima. Uliuliza maswali kama unayeandika daftarini: nani alimfundisha kuogelea, wimbo gani, alikataa kwa maneno gani. Mambo mengi mimi mwenyewe nilikuwa siyajui. Urban alikuja akakaa. Crispin akaja akalala mapajani mwako. Mwishowe Baba naye alikuja, akasimama hatua kadhaa nyuma yetu, na safari hii hakuondoka.

Jua lilikuwa limepanda sana. Bibi alimtazama Crispin pale alipolala. Alisema, "Mchukue." Kisha akakuwekea sharti, kwamba kila mwezi wa sita umletee watoto wote watatu, wasikosekane. Ulikubali ukampa mkono wenye gundi, na mikono ikagandana, na mkacheka, wanawake wawili ambao siku nne hawakuwa wamecheka.

Baba aliniambia kando kwamba kama nataka kubaki na Bibi hatanikataza. Alikuwa anajua zaidi ya nilivyodhani. Nilimjibu nitarudi nyumbani na Mama. Akauliza, "Na nani?" Nikarudia. Wewe ulikuwa unafunga mkia wa tiara, hukuinua uso, lakini fundo lile ulilifunga na kulifungua mara tatu.

Siku zilizobaki zilikuwa za tiara tu. Mimi nilitengeneza mbili, moja ikapanda. Urban alitaka kubwa kuliko zote, akatumia mfuko mzima wa saruji, ikaangukia paa la jirani, na anasema mpaka leo kosa lilikuwa la upepo. Baba alijikata kidole akichonga mianzi, bwana shamba mzima, ukamfunga kwa kipande cha kanga bila kusema naye. Ulikuwa bado hujamsamehe. Ulimsamehe Mbamba Bay, tukingoja lori, alipokuomba radhi mbele yetu watoto. Alisema ilikuwa ni woga. Ulimwambia mwanamume muoga anaweza kuvumiliwa, lakini asiwe anaficha barua.

Bibi Valeria alishika uzi siku ya mwisho. Aliketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa, ameushika kwa mikono miwili, akasema unavuta kama samaki mbasa mkubwa. Tulimwachia mpaka alipochoka mwenyewe.

Ulitimiza ulichoahidi, Mama. Kila mwezi wa sita tulishuka, nawe ulitapika kwenye kona zile zile kila mwaka. Lakini ahadi ya pili ndiyo inayotutoa machozi leo. Crispin alipokuwa anavishwa shati, alipokuwa anaoshwa miguu, alipokataa kula, ulimsimulia habari za mama yetu. "Mama yako angekuwa ameshavuka ng'ambo ya ghuba wewe bado unaogopa maji ya beseni." "Mama yako naye hakupenda vichwa vya samaki." Crispin sasa ana miaka kumi na mitatu na anamfahamu mama yetu Lukresia kuliko sisi tuliomwona. Amemfahamu kutoka kinywani mwako, wewe ambaye hukumwona hata mara moja.

Mwaka 1970 ulijifungua mtoto wa kike. Baba alitaka jina la mama yake. Kaka yako Pangani alileta barua yenye majina matano. Ulisema ataitwa Lukresia, na mtu asikuulize zaidi. Bibi alipopata habari Lipingo hakusema kitu siku mbili, Mjomba ametusimulia. Siku ya tatu akaja Mbinga kwa lori, mara yake ya kwanza kupanda mlima, na kuku wawili.

Zilipokuja operesheni za kuhamia vijijini mwaka 1974, nyumba ya Bibi pale mchangani ilikuwa miongoni mwa zilizotakiwa kuhama. Bibi alikataa. Alijifungia. Ulitumwa wewe kwa kuwa ulikuwa Bibi Maendeleo, na hukuipenda kazi ile, uliisema wazi ofisini kwamba mzee hatolewi nyumbani kwake kama gunia. Ulikaa naye siku tatu. Hatujui mlizungumza nini. Mlirudi Mbinga wote wawili, yeye amevaa koti lako la kijivu, kwa sababu baridi ilimtoa machozi.

Tangu hapo mlikuwa wawili jikoni. Mligombana juu ya karanga. Mligombana juu ya namna ya kumfunga mtoto nywele. Bibi aliingia darasa lako la kisomo na kukaa mbele, akakukosoa mbele ya wanafunzi wenzake kwamba unaandika herufi ndogo mno. Ulianza kuandika herufi kubwa.

Siku ulipozikwa, akina mama wa Namswea walitembea tangu alfajiri. Wengine hawakukuta mazishi, maana kwa desturi yenu Waislamu hayacheleweshwi. Walikaa uani hata hivyo, na mmoja baada ya mwingine akaja kwa Baba kumwonyesha daftari lake. Hawakujua namna nyingine ya kutoa pole.

Tunakuomba radhi, Mama, kwa yote tuliyoyaficha na yote tuliyochelewa kukuambia. Mimi nilichelewa mwaka mzima kukuita Mama, kisha nikapata miaka minane ya kukuita hivyo, na haikutosha.

Wanaokukumbuka ni mumeo Pankras Ndunguru, watoto wako Ottilia, Urban, Crispin na Lukresia, kaka yako Shekue na ndugu wote wa Pangani, shemeji yako Frederick wa Lipingo, wafanyakazi wenzako, na wanafunzi wako wa kisomo wa Mbinga na Namswea.

Nilipoisoma orodha hii nyumbani, Bibi Valeria aliniambia nimekosea. Alisema jina lake halimo, na kwamba nisije nikaliweka chini kabisa kama la jirani. Baba alimweleza kwa upole kwamba tulikuwa tunatafuta neno linalofaa, maana yeye si mkwe wako wala si ndugu yako, na wasomaji wangechanganyikiwa. Bibi akasema wasomaji wana akili zao. Akaniamuru nichukue karatasi nyingine, akasimama juu ya bega langu mpaka nikamaliza, akaisoma mwenyewe kwa kidole, herufi kwa herufi.

Basi orodha inaanza hivi, Mama, na ndivyo itakavyobaki miaka yote tutakayokukumbuka:

Valeria Challe, mama wa marehemu.